Mizani ya Kibaigwa: Uhakiki wa Zana za Mtandaoni za Igizo Dhima katika Ufundishaji wa Stadi za Mawasiliano

Miongoni mwa zana za kujifunzia zinazoenea mtandaoni, zipo zile zinazomtaka mtumiaji ajitie katika nafasi ya mtu fulani, azungumze na mhusika aliyebuniwa, kisha apimwe namna alivyozungumza. Mtumiaji huwa muuguzi anayempa mgonjwa taarifa nzito, mwajiriwa anayeomba nyongeza ya mshahara, au muuzaji anayemtuliza mteja aliyekasirika. Mhusika wa upande wa pili hutamka sentensi moja. Chini yake hutokea majibu matatu au manne. Mtumiaji huchagua moja na kupewa alama. Katika zana mpya zaidi, zinazoendeshwa kwa akili mnemba, machaguo hayo yameondolewa na mtumiaji huandika au hutamka apendavyo, lakini alama zimebaki. Makala haya yanahakiki mtindo huo wa usanifu. Hoja inayojengwa ni kwamba kasoro yake kuu haimo katika mwonekano wa skrini wala katika uchache wa machaguo, mambo ambayo wasanifu hukimbilia kuyarekebisha. Imo katika dhana yenyewe ya mazungumzo: mhusika wa upande wa pili hana anachokitaka, wala hana anachoweza kukipoteza. Hoja hiyo inapimwa kwa mazungumzo ya mahali pamoja, yaani soko la mahindi la Kibaigwa, na kwa tajiriba ya Tanzania katika sanaa za majibizano, ambayo ina umri mkubwa kuliko intaneti.

Igizo dhima si jambo geni katika elimu ya Tanzania. Tangu mabadiliko ya mtaala ya mwaka 2005 yaliyosisitiza umahiri wa mwanafunzi badala ya kukariri, mihtasari ya masomo imelipendekeza mara kwa mara kuwa mbinu ya kufundishia. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, hata hivyo, igizo dhima huishia kwa wanafunzi wawili kusimama mbele, kusoma sentensi zao na kupigiwa makofi. Zana ya mtandaoni huahidi kuondoa tatizo hilo kwa kumpa kila mwanafunzi mwenzake wa kuzungumza naye. Ahadi hiyo si ya kubezwa. Lakini Dell Hymes, alipoifafanua dhana ya umilisi wa mawasiliano mwaka 1972, alihusisha pia ujuzi wa wakati wa kusema na wakati wa kutosema, na nani, wapi na kwa namna gani. Kunyamaza nako ni umilisi. Zana inayomtaka mtumiaji ajibu ndipo iendelee haina mahali pa kukuweka kunyamaza, isipokuwa kukuhesabu kuwa ni kushindwa.

Kibaigwa ni mji mdogo katika Wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Soko lake la nafaka huwavuta wakulima wa vijiji vya Kongwa na wa wilaya jirani ya Kiteto, pamoja na wanunuzi wa miji ya mbali. Mazungumzo ya biashara sokoni humo hayawi ya watu wawili. Yupo mkulima, yupo dalali, yupo mnunuzi ambaye pengine hasemi neno, wapo wachukuzi wanaosubiri kupakia, yupo mwenye lori anayetazama saa. Gunia huchomwa bambo, punje chache zikamwagwa kiganjani, zikatazamwa, nyingine zikatafunwa ili kujua kama zimekauka. Salamu hutangulia, na baada ya salamu huulizwa habari za nyumbani na za mvua. Bei huja mwishoni, na mara nyingi huja kwa kuzunguka.

Chukuliwe mfano wa kubuni, ambao mtu yeyote aliyewahi kusimama katika soko la nafaka ataona kuwa si wa ajabu:

Dalali: Shikamoo, mzee. Mzigo wako nimeuona, ila una unyevu.

Mkulima: Marahaba, kijana wangu. Kwani huko kwenu mwaka huu mvua iliwatosha?

Dalali: Haikutosha, mzee. Sasa, mwenye lori anaondoka saa kumi.

Mkulima: Basi aende salama.

Kwa vigezo vya kawaida vya zana hizi, mkulima huyu angepata alama za chini kabisa. Hakuijibu hoja ya unyevu, alibadili mada, alifunga mazungumzo bila kupendekeza suluhisho. Ukweli ni kwamba amefanya mengi kwa maneno machache. Kwa swali la mvua amemfanya dalali akiri mwenyewe kwamba mahindi yatakuwa adimu, na papo hapo ameifanya hoja ya unyevu ionekane ya mashaka, kwa kuwa katika mwaka wa ukame unyevu huo unatafutiwa chanzo. Kwa kumtakia mwenye lori safari njema amelipima tishio la dalali kama ni la kweli. Hayo yote ameyafanya bila kuivunja heshima iliyo kati ya mzee na kijana, na bila kumwita dalali mwongo mbele ya watu.

Hata hivyo, kuusifu ustadi huo na kuishia hapo kungekuwa kosa jingine. Mkulima anayeweza kusema “aende salama” ni yule anayeweza kulala na magunia yake hadi kesho. Aliyekopa kwa ajili ya pembejeo, au anayedaiwa ada ya mtoto, anaijua sentensi hiyo vizuri vilevile ila hawezi kuitamka. Stadi za wawili hao ni sawa; wasicholingana ni nguvu. Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika lumbesa, yaani gunia linaloshindiliwa na kuongezewa kichwa hadi lizidi kipimo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinazuia mazao kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupiga vita desturi hiyo. Mkulima anayekubali lumbesa hajakosa msamiati wa kuikataa. Zana inayomfundisha “kujieleza kwa kujiamini” bila kuonesha mizani, deni na lori inamweleza, kwa lugha ya upole, kwamba hasara yake imetokana na mdomo wake. Hapa ndipo usanifu unapogusa haki, na ndipo uhakiki wa zana hizi haupaswi kuachiwa wataalamu wa kompyuta peke yao.

Udhaifu wa mazungumzo yaliyoamuliwa kabla hayajaanza haukuletwa na skrini. Mathias Mnyampala, mshairi Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ndiye anayehusishwa zaidi na ngonjera kama utanzu wa ushairi wa majibizano. Mwaka 1968 Rais Nyerere aliwataka washairi waisaidie jamii kuielewa siasa ya Ujamaa, na ngonjera za Mnyampala, zilizochapishwa kwa jina la UKUTA mwaka 1970 na 1971 baada ya kifo chake, ziliingia mashuleni na kughanwa na watoto wa nchi nzima. Kwa muundo wake, ngonjera ni igizo dhima kamili: wahusika wawili au zaidi, kila mmoja na msimamo wake, hadhira mbele yao. Lakini katika ngonjera ya kufundishia, asiyejua huwapo ili ajibiwe. Huuliza, hubisha kidogo, kisha hukubali. Mtoto aliyepewa nafasi ya mbishi alijua tangu siku ya kwanza ya mazoezi kwamba atashindwa katika beti za mwisho. Zana ya machaguo matatu ni ngonjera iliyopoteza vina: jibu sahihi limekwisha kuandikwa, na kazi ya mtumiaji ni kulitambua. Tofauti moja inaipendelea ngonjera. Hadhira yake ilikuwapo, na baada ya makofi iliweza kurudi nyumbani ikaendelea kubisha.

Mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, ulichukua njia nyingine. Ulihusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI, na mmoja wa wahusika wake wakuu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, ambaye hatimaye aliugua. Kwa mahali kama Kibaigwa, ambapo malori husimama, mhusika huyo hakuhitaji kufafanuliwa. Ila wasikilizaji wa Dodoma walicheleweshwa kumjua: kati ya mwaka 1993 na 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo, kwa kuwa eneo hilo liliteuliwa na watafiti kuwa la kulinganishia matokeo. (Ni mara chache historia ya fasihi ya redio huandika jina la mahali kwa sababu ya kilichokosekana kusikika hapo.) Lenye uzito kwa mada hii ni kwamba Mkwaju hakushawishiwa kwa sentensi moja nzuri. Alibaki katika makosa yake kipindi baada ya kipindi, naye alikuwa na matamanio, kiburi na visingizio. Msanifu anayetaka mhusika wa kuzungumza naye ana la kujifunza hapo: mhusika anayeweza kukataa mwanzo hadi mwisho ana faida kubwa kuliko anayelainika kila anapoambiwa “ninaelewa hisia zako”.

Funzo zito zaidi linatoka Malya, mkoani Mwanza, ambako mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Wanakijiji hawakuletewa igizo lililokamilika. Walishiriki kuchunguza matatizo yao, mimba za wasichana zikiwa miongoni mwake, wakayatungia maonyesho kwa ngoma na sanaa walizozijua, kisha wakayajadili. Augusto Boal, aliyechapisha nadharia yake ya tamthilia ya wanaoonewa mwaka 1974, alimruhusu mtazamaji alisimamishe igizo, apande jukwaani na kujaribu njia yake mwenyewe. Katika mifano yote miwili tatizo hutungwa na wenye tatizo, na mtu wa tatu ana sauti. Zana za mtandaoni zimemfuta mtu huyo wa tatu. Mchukuzi anayecheka pembeni, mke wa mkulima anayemvuta kanzu, mnunuzi aliyenyamaza: wote hao hubadili uzito wa kila neno linalosemwa, na kuwarudisha ni kazi ya kwanza ya usanifu mpya. Ya pili ni kugeuza dhima. Dalali naye aketi mahali pa mkulima, apewe deni na mvua ya mkulima, aone sentensi zipi zimebaki za kusema. Mafunzo yanayomfundisha dhaifu pekee kuzungumza vizuri yamekwisha kuamua ni nani mwenye kosa.

Pamoja na hayo, skrini ina kitu ambacho jukwaa la kijiji halina, nacho ni faragha. Anayeigiza mbele ya jirani zake kesho yake hukutana nao kisimani. Msichana anayetaka kujizoeza kumkatalia mtu anayemzidi umri, au kijana mwenye kigugumizi anayejiandaa kwenda kuomba kazi, anaweza kukosea mara ishirini bila kuonwa na yeyote. Joseph Weizenbaum, aliyetengeneza programu ya mazungumzo iitwayo ELIZA mwaka 1966, alishangaa kuona watu wakiifungulia moyo mashine iliyokuwa ikiyageuza tu maneno yao kuwa maswali, naye baadaye akawa mhakiki mkali wa teknolojia hiyo. Mshangao wake unasomeka kwa njia mbili: kwamba watu hudanganyika kwa urahisi, na kwamba wengi hawana pa kusemea. Usanifu wa haki hauna budi kuzichukua zote mbili.

Suala la lugha haliwezi kurukwa. Katika soko la Kibaigwa Kiswahili huchanganyika na Kigogo, na salamu ya “Mbukwenyi” hubainisha mapema nani ni wa nyumbani na nani ni mgeni. Zana nyingi zina Kiswahili kilichotafsiriwa kutoka mazungumzo ya ofisi za ughaibuni, ambamo kijana humwambia mzee “asante kwa maoni yako” na kuhesabiwa kuwa mpole. Wilaya ya Kongwa inaujua mpango uliochorwa mbali: mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapo mradi mkubwa wa karanga, wakauacha mwaka 1951 baada ya ardhi ngumu na ukame, mambo ambayo wenyeji waliyaishi, kuwashinda. Zana isiyo na shikamoo ni kosa dogo mno kulinganisha na trekta zilizoharibika Kongwa, ila chanzo chake ni kilekile cha kutouliza. Tena wakulima wengi hutumia simu za vitochi. Zana inayodai simu janja na kifurushi kikubwa cha intaneti imekwisha kuwachagua watumiaji wake.

Limebaki jambo ambalo wasanifu hulizungumzia kidogo kuliko yote. Zana inayomzoeza mkulima kujadiliana bei hutunza mazungumzo yake ili imsahihishe. Akirudia zoezi mara kumi, imekwisha kujua bei ya chini kabisa anayoweza kuikubali, na ni tishio lipi linalomfanya aikubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu. Lakini kikomo cha bei cha wakulima mia tano, kikikusanywa bila jina la hata mmoja wao, si taarifa ya mtu yeyote, na kwa mnunuzi anayepanga kupeleka malori Kibaigwa msimu ujao kina thamani kuliko majina yote mia tano.