Nakshi, Pambo na Madoido: Juu ya Msamiati wa Urembo Uliozidi

Mwalimu wa Kiswahili wa Nakuru anapokutana na insha iliyorembwa kupita kiasi, aghalabu huisifu kwa "lugha ya mvuto". Siku inapomchosha huandika pambizoni "chuku". Na hapo amekosea, kwa kuwa chuku ni kukuza jambo, si kulipamba. Tatizo hili ni la msamiati kabla halijawa la fasihi.

Kiingereza kina maneno kadha ya urembo uliozidi ambayo yamebeba lawama ndani yake. Neno baroko, mathalan, wengi hulirudisha kwenye neno la Kireno la lulu isiyo mviringo: kasoro imo tangu asili. Maneno yetu hayakujengwa hivyo. Nakshi, tuliyoipokea kwa Waarabu, huchongwa katika ubao wenyewe. Huwezi kuiondoa mlangoni Lamu bila kuuharibu mlango. Pambo huvaliwa likavuliwa. Madoido na mbwembwe huikaribia lawama, lakini nayo huweza kusifu: manyanga yalipendwa na vijana kwa madoido yake, wala mstari wa manjano uliolazimishwa na kanuni za 2004 haukuyakomesha mapenzi hayo.

Kwa hiyo mhakiki hana budi kuuliza, si mapambo ni mengi kiasi gani, bali yamekaa wapi. Nimewahi kusahihisha insha ya mwanafunzi wa upande wa Molo juu ya kuvuna viazi. Ilifunguka kwa upepo mwanana wa bahari na minazi iliyopunga makuti. Kosa la sarufi sikuliona. Lakini baridi ya Molo, ukungu wake, vidole vilivyokufa ganzi udongoni, havikutajwa. Minazi ilikuwa imekalia mahali pao. Mtoto huyo hakuwa na lugha maskini. Alikuwa amekaririshwa mianzo, kama walivyokaririshwa wengi kwa ajili ya mtihani wa KCPE hadi ulipofanywa mara ya mwisho 2023.

Wapo watakaonikumbusha nathari ya Shaaban Robert. Naam, imerembwa, tena sana. Lakini mtu ajaribu kuzitoa tashbihi na istiara katika Kusadikika (1951), kisha aone ni hoja ngapi zitakazobaki zimesimama. Hiyo ni nakshi.

Insha ile ya viazi sikuipunguzia alama. Mwongozo wa usahihishaji haukuniruhusu. Pambizoni niliandika tu: "Minazi ya nani?"