Mwashi wa Cromarty

Katika miji midogo ya pwani ya kaskazini mwa Uskoti zimo nyumba nyingi za mawe ya mchanga ambazo viungo vyake vimezibwa kwa saruji. Mwenye nyumba alitaka ukuta usipenyeze maji, akamwita mtu mwenye mfuko wa saruji, kazi ikaisha upesi na kwa bei nafuu. Lakini jiwe la mchanga hunywa mvua, na chokaa ya wazee iliyaacha maji hayo yatoke taratibu kupitia viungo. Saruji huyafungia ndani. Baridi ikija maji yanaganda, uso wa jiwe unabanduka, na miaka ikipita saruji inabaki imetokeza nje huku jiwe lenyewe limeliwa. Kila ninapokutana na ukuta wa namna hiyo humfikiria Hugh Miller.

Alizaliwa Cromarty, mmojawapo wa miji hiyo ya pwani, mwaka 1802. Baba yake, nahodha, alipotea baharini mwaka 1807, na kijana akalelewa na mama pamoja na wajomba wawili, watu wa kazi za mikono na wasomaji wakubwa wa vitabu. Wajomba walitaka aende chuo kikuu. Yeye akachagua nyundo na tindo, na alipokuwa na miaka 17 akawekwa mwanagenzi wa uashi kwa mume wa dada wa mama yake.

Siku yake ya kwanza machimboni aliisimulia mwenyewe baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1841 kuhusu mawe mekundu ya mchanga ya kwao. Alikwenda kwa moyo mzito, maana alikuwa kijana wa kuzurura ufukweni na sasa alikuwa anafungwa kazini. Mitarimbo na nyundo zilishindwa kuung'oa mwamba, ikabidi baruti itumike. Mwamba ulipopasuka, ndani ya ufa walikuta ndege wawili waliokufa, waliokuwa wamejificha humo dhidi ya dhoruba. Walipoendelea na kazi kikafunuka kitu kingine: uso wa jiwe wenye mikunjo midogomidogo, sawasawa na ile ambayo maji kupwa huiacha mchangani. Bahari ya zamani ilikuwa imeacha alama yake mle ndani. Kijana aliyedhani anaingia kifungoni akawa amefunguliwa mlango. Miaka kadhaa baadaye mawe ya Cromarty yalimpa visukuku vya samaki wa ajabu wenye magamba mazito na viungo mithili ya mabawa. Mmoja wao hata leo huitwa Pterichthyodes milleri, kwa jina la mwashi.

Wanasayansi humkumbuka kwa samaki hao. Mimi napenda zaidi wosia aliopewa na mjomba wake alipoanza kujitegemea: afanyapo kazi ya jirani, ampimie kwa shumbi, kamwe asimpimie kwa mfuto, wala hatapata hasara. Kazi yake ya kwanza akiwa fundi kamili ilikuwa kumjengea nyumba ndogo jamaa yake mwanamke, ili asisumbuliwe tena na kodi.

Ukuta wa mawe una nyuso mbili, na katikati una tumbo. Fundi mvivu humwaga humo vifusi na takataka, kisha akafunika. Fundi mwenye haya hukipanga kila kipande mpaka kikae, na kila baada ya kipimo huvusha jiwe refu linaloshika uso wa huku na wa kule, ili ukuta usije ukavimba na kupasuka baada ya yeye kufa. Mwenye nyumba hatayaona mawe hayo, wala mkaguzi. Wosia wa mjomba ulihusu mahali hapo hasa, mahali pasipolipiwa.

Kazi yenyewe ilimlipa vibaya. Mwaka 1824 alikwenda kukata mawe karibu na Edinburgh, na vumbi likamharibu mapafu. Waashi wa huko walikuwa wakifa vijana kwa maradhi hayo. Kwa hiyo aonaye uzuri wa kuta zile asisahau zilijengwa kwa pumzi za watu. Miller alirudi kwao mgonjwa, akashika kazi nyepesi zaidi ya kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi. Aliifanya Cromarty, kisha mwaka 1828 akaifuata hadi Inverness. Jiwe la mwisho alilolichonga lilikuwa la bintiye mdogo, Eliza. Wakati huo alikuwa ameshaiacha tindo, na aliichukua tena kwa ajili ya mtoto huyo tu.

Mwaka 1834 alipewa kazi ya uhasibu katika tawi la benki mjini kwao, na tangu 1840 akawa mhariri wa gazeti la The Witness huko Edinburgh. Humo alitetea haki ya waumini ya kutolazimishiwa mchungaji na mwenye shamba, na mwaka 1843 wachungaji zaidi ya 450 waliliacha Kanisa la Uskoti, wakiacha nyumba na mishahara yao. Aliwatetea pia wakulima wa Sutherland waliofukuzwa kupisha kondoo. Mabwana walimsoma kwa hofu, kwa sababu hoja zake zilikuwa na tumbo lililojazwa vema. Aliendelea kutembea mjini na shali nzito ya wachungaji wa kondoo begani, akijulikana kuwa ni mwashi. Maumivu na kazi nyingi vilimlemea akili, akajiua Desemba 1856.

Nyumba alimozaliwa inatunzwa vizuri, na wageni huingia. Nashukuru kwa hilo. Lakini kumheshimu fundi kwa makumbusho huku ufundi wake ukiachwa ufe ni heshima ya upande mmoja. Siku hizi kazi hulipwa kwa mita za mraba za uso unaoonekana; ni nani atakayelipia tumbo? Kijana anayetaka kujifunza chokaa hupewa nafasi kwa shida, na bwana wa kumfundisha huenda amestaafu.

Sasa wachache waliobaki wanaitwa kuja kuitoa ile saruji, kiungo kwa kiungo, kwa tindo na nyundo, na mara nyingi jiwe hutoka nayo. Machimbo mengi yaliyotoa mawe hayo yamefungwa. Jiwe la kuziba pengo hununuliwa England au ng'ambo, na lina rangi yake.