Kwani Nini Kingine Kilitokea 1728?

Shuleni tulifundishwa jambo moja kuhusu Utendi wa Tambuka: mwaka 1728. Ni kati ya hati kongwe zaidi za Kiswahili tulizo nazo; andika hivyo, pata alama yako. Halafu hesabu mizani: 8 kwa kila kipande, vipande 4 kwa kila ubeti. Imeisha hiyo.

Nimeurudia mwaka huu, hapa Kakamega, bila mtihani. Kiswahili chake cha kaskazini kinatesa kidogo (macho ni mato, njia ni ndia), lakini ukishazoea, unasonga.

Mwengo wa Athumani wa Pate anasimulia vita kati ya jeshi la Mtume Muhammad na Herekali, mfalme wa Rumi. Herekali alikuwepo kweli: ni Heraclius, aliyetawala kutoka Constantinople mwaka 610 hadi 641. Mwaka 630 Mtume aliongoza jeshi hadi Tabuk, kaskazini mwa Uarabuni. Warumi hawakutokea, jeshi likarudi Madina. Ndiyo, katika historia vita hivyo havikupiganwa. Mwengo amejaza zaidi ya beti 1,000 kwa vita ambavyo havikuwepo, na Ali akawa shujaa wake.

Kwa nini? Jibu linalozoeleka ni kwamba Herekali ni Mreno aliyevaa taji la Rumi. Wareno walikuwa wameisumbua pwani miaka 200, basi mshairi akawapiga kwa kalamu. Jibu tamu. Shida yake ni ule mwaka tuliokariri.

Wareno walipoteza Fort Jesus mwaka 1698, ikachukuliwa na Waomani. Machi 1728 wakairudia, na waliowasaidia ni watu wa Pate. Mji uleule! Mwengo anaandika jinsi mfalme Mkristo anavyoangushwa, huku mfalme wake mwenyewe ameshirikiana na Wakristo dhidi ya Waislamu wenzake. Mwaka uliofuata, 1729, Wareno walifukuzwa Mombasa, na safari hii hawakurudi kutawala.

Kwa hiyo ukiusoma utendi huu kama bango la "sisi dhidi yao", unaukosea. Pate ya 1728 ilijua vizuri kwamba maadui na marafiki hawapangwi kwa dini peke yake. Mimi naona Mwengo anafanya kitu kikubwa zaidi ya kutukana Wareno. Anachukua dola lililotisha nusu ya dunia, analileta hadi kisiwa kidogo karibu na Lamu, analipima kwa mizani 8 ya Kiswahili. Vitabu vyetu vya historia huingiza Ulaya pwani na meli za Vasco da Gama, kana kwamba sisi tulikuwa tumekaa tu tukingoja. Mwengo hangoji mtu. Rumi ni hadithi yake, anaisimulia atakavyo.

Hili linanigusa kwa sababu ya nyumbani. Mama yangu huenda kanisa la Friends. Kaka yake ni Mwislamu wa Mumias, mji ambao Uislamu ulifika na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, enzi za Nabongo Mumia. Krismasi mjomba yuko kwetu, Idd tuko kwake. Nilipomweleza hadithi ya Tambuka, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa hapo mama yako yuko jeshi gani?"

Sikuwa na jibu la kuandika kwenye mtihani. Ila nilimwambia kuhusu Machi 1728, akacheka sana. "Ehe," akasema, "hao sasa ni watu ninaowajua."

Walimu, acheni wanafunzi wahesabu mizani, ni sawa. Lakini mkimaliza, waulizeni nini kingine kilitokea mwaka huo.