Mkono Mtupu Haulambwi

Mkono mtupu haulambwi. Maneno haya huyasema tukicheka, khasa tutokapo ofisini na haja yetu imekwisha upesi. Filamu ya "The Nile Hilton Incident", iliyotungwa na kuongozwa na Tarik Saleh mwaka 2017, yatuonyesha mwisho wa kicheko hicho.

Kisa ni cha Cairo, Januari 2011, siku chache kabla ya watu kumiminika Medani ya Tahrir. Noredin ni afisa wa polisi apitaye mitaani akikusanya chake kwa wachuuzi. Mkubwa wa kituo ni ami yake, basi nani wa kumshitaki? Siku moja mwimbaji mwanamke akutwa hotelini amekatwa koo. Noredin aingia chumbani, na kabla hajauliza la maana, achukua fedha za marehemu atia mfukoni. Mara kesi yafungwa: ati amejiua! Anayeshukiwa ni tajiri mjenzi wa majumba, naye ni mbunge.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni ndoto tupu. Filamu imechota katika jambo la kweli. Mwaka 2008 mwimbaji wa Lebanon, Suzanne Tamim, aliuawa Dubai. Tajiri wa Misri, Hisham Talaat Moustafa, alihukumiwa kifo mwaka 2009 kwa kumlipa muuaji. Kesi ikarudiwa, na mwaka 2010 akapewa miaka 15. Mwaka 2017 akasamehewa, akatoka. Nayo filamu ilizuiwa kupigwa Cairo, ikapigwa Casablanca, Morocco.

Uzuri wake ni kuwa haimgeuzi Noredin kuwa shujaa. Moyo waamka, lakini amechelewa. Ataka kusema kweli, na ulimi wake ulikwisha kuuzwa zamani, kidogo kidogo, kwa vijisenti vya wachuuzi. Mwenye kula haki ya mnyonge asubuhi hawezi kuwa mlinzi wake jioni. Hapa ndipo filamu ilipolenga shabaha.

Shahidi wa kweli ni Salwa, mtumishi wa hoteli, mgeni kutoka Sudan. Yeye ndiye aliyesikia ugomvi na kumwona mtu akitoka. Lakini ushahidi wa asiye na kitu hauna mnunuzi. Alilopata kwa kuona ni kuwindwa. Tumefunzwa kuwa ushahidi usifichwe, na kuwa mtoa rushwa na mpokeaji wote wamelaaniwa. Salwa atuonyesha sababu: inayouzwa ni roho ya mtu mwingine.

Aibu zake pia tuzitaje. Mna vilabu vya usiku, ulevi na zinaa, hata haifai kutazamwa pamoja na watoto. Na marehemu mwenyewe hatumjui. Ni maiti nzuri na sauti tu, kana kwamba kuuawa ndiyo kazi aliyoumbiwa. Filamu inayolilia haki ingempa japo hadithi yake.

Hata hivyo, atakayeitazama hatamlaumu askari peke yake. Noredin hakuanza kwa kuficha mauaji. Alianza kwa mkono mmoja uliompa kitu kidogo barabarani, na mwenye mkono ule akaenda zake nyumbani, akala, akalala, akijiona hana dhambi. Basi tutakapousema tena msemo ule tukicheka, natujiulize: ulionyosha mkono ni nani, na uliolambwa ni wa nani?