Chanda Chema cha Maabara

Hadubini imesifiwa vya kutosha. Hakuna kitabu cha biolojia cha sekondari kisichokuwa na mchoro wake, mishale ikionyesha lenzi, jukwaa na kioo cha kumulikia. Leo ninamsifu anayeketi mbele yake: mtu wa maabara, ambaye kabla hajasogeza jicho kwenye lenzi ameshafanya kazi ya mikono ambayo bila hiyo angeona ukungu mtupu.

Bakteria ni mdogo, lakini udogo ni nusu tu ya taabu. Wengi wana upana wa karibu mikromita 1. Ukiwapanga 1,000 kwa mstari wanafikia milimita 1. Lenzi ya chini inayokuza mara 100, ikisaidiana na ya jichoni inayokuza mara 10, inatosha kumfanya mmoja aonekane ana milimita nzima. Nusu ya pili ya taabu ni kwamba hana rangi. Sehemu kubwa ya mwili wake ni maji, na mwanga humpita bila kuacha dalili. Ndani hana kiini kilichofungwa kwa utando kama cha seli zetu: DNA yake imejikunja katikati ya saitoplazimu, imezungukwa na ribosomu zinazotengeneza protini. Kisha kuna utando wa seli, na kwa wengi wao, nje ya utando kuna ukuta. Wapo waliojifunika ute juu ya ukuta huo, na wapo wenye mijeledi ya kuogelea, myembamba kiasi kwamba hadubini ya mwanga haiioni mpaka inenepeshwe kwa dawa na rangi. Katika viungo vyote hivyo, ufundi wa maabara umeegemea zaidi ukuta.

Mwaka 1884 daktari kijana kutoka Denmark, Hans Christian Gram, alikuwa Berlin akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Alitaka bakteria watokeze wazi ndani ya nyama ya mapafu. Akapaka rangi ya zambarau, akafuatisha iodini, kisha akasuuza kwa alkoholi. Baadhi ya bakteria walishika zambarau yao, wengine walipauka. Gram aliitangaza mbinu yake kwa unyenyekevu, akikiri kwamba ina upungufu na kutumaini kuwa itawafaa wengine. Iliwafaa kweli. Waliomfuata waliongeza rangi nyekundu ya kuwapaka wale waliopauka, na kile kilichoonekana upungufu kikawa jibu lenyewe: bakteria wa zambarau upande huu, wekundu upande ule.

Sababu ilichelewa kujulikana. Mwaka 1931, Berlin hiyohiyo, Ernst Ruska na Max Knoll waliunda hadubini ya elektroni, na katika miongo iliyofuata ukuta wa bakteria ukaanza kuonekana tabaka kwa tabaka. Wa zambarau wana ukuta mnene wa peptidoglikani. Alkoholi huukausha na kuubana, rangi ikanaswa ndani. Wekundu wana ukuta mwembamba, na juu yake utando wa pili wenye mafuta ambao alkoholi huuharibu, rangi ikatoka. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, mikono ya maabara ilikuwa ikiusoma ukuta ambao jicho lilikuwa bado halijauona. Na usomaji huo una uzito wodini, kwa sababu penisilini huua kwa kuvuruga ujenzi wa peptidoglikani, ilhali utando wa nje wa bakteria wekundu huzuia dawa nyingi zisipenye. Daktari anayesubiri majibu kamili anaweza kuchagua dawa ya kuanzia kwa kujua rangi tu.

Kazi yote hii inasimama kwenye sekunde chache za alkoholi. Ukizidisha, hata wa zambarau wanapauka. Ukipunguza, wanaostahili kuwa wekundu wanabaki na zambarau. Fundi mzoefu hutazama kinachotiririka kutoka kwenye slaidi, na pindi kinapoacha kutoka na rangi, anasuuza kwa maji papo hapo. Maelekezo ya kazi hii yanaandikika kwenye karatasi moja, lakini wepesi wa mkono hauandikiki.

Bakteria wa kifua kikuu ndiye mtihani mkubwa zaidi. Robert Koch alimtangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882, na siku hiyo ndiyo leo Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Ukuta wake umejaa nta, na rangi za kawaida humshika kwa shida. Mbinu inayobeba majina ya Ziehl na Neelsen ilitatua shida hiyo kwa moto. Wasukaji mikeka wa Pwani huchemsha ukindu pamoja na rangi ili rangi iingie. Fundi wa maabara naye hufunika slaidi kwa rangi nyekundu ya karbol fuksini na kupitisha moto chini yake mpaka mvuke upande, ila haachi ichemke. Nta ikishapokea rangi haiiachii tena. Tindikali iliyochanganywa na alkoholi huwavua rangi karibu bakteria wengine wote, kisha bluu hupakwa juu, na wa kifua kikuu wanabaki vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu.

Kabla ya hapo kuna kutandaza makohozi kwenye kioo. Yakiwa mazito mno yanabanduka au kuficha bakteria. Yakiwa mepesi mno hayana kitu. Kipimo kimoja cha maabara ni gazeti: slaidi iliyokauka ikiwekwa juu yake, maandishi yasomeke. Baada ya hapo ni kuhesabu. Huwezi kuandika kwamba hakuna bakteria mpaka uwe umepitia nyuga 100, uwanja baada ya uwanja, na hapo ndipo uaminifu wa mtu unapopimwa, kwa kuwa hakuna anayemwona akiishia uwanja wa 40.

Uaminifu huo ulijenga jambo kubwa Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukishirikiana na daktari wa kifua kikuu Karel Styblo, uliegemea hadubini za kawaida na watu waliofunzwa kuzitumia, na matokeo yake yalichangia mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika nchi nyingi miaka ya 1990.

Hadubini ina mipaka. Mililita moja ya makohozi huhitaji maelfu ya bakteria ndipo waonekane, na watoto pamoja na wenye VVU mara nyingi hawafikishi idadi hiyo. Mashine zinazotafuta DNA, zilizoidhinishwa tangu 2010, huwanasa wengi zaidi, na ni haki zitangulie katika kutambua ugonjwa. Lakini mashine hizo zinaweza kuikuta hata DNA ya bakteria waliokwisha kufa, hivyo hazifai kuonyesha kama dawa inafanya kazi. Kwa kazi hiyo, slaidi nyekundu na bluu bado inahitajika.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Pete ya fundi huyu iwe rangi zisizopitwa na wakati, lenzi safi, muda wa kutosha kwa kila slaidi, na mwenzake wa kurudia kusoma baadhi ya slaidi bila kujua jibu la kwanza. Na wewe msomaji, siku ukipewa kikopo, usipeleke mate. Amka asubuhi, nenda mahali penye hewa, vuta pumzi, ukohoe kutoka kifuani. Ustadi wote wa maabara huanzia hapo.