Tundu Katika Deraya: Kicheko na Maangamizi Katika Riwaya ya Mark Twain

Wahenga walinena kwamba yaliyopita si ndwele, wakausia watu wagange yajayo. Mhusika mkuu wa riwaya A Connecticut Yankee in King Arthur's Court, aliyoitoa Mmarekani Mark Twain mwaka 1889, anaukaidi usia huo. Hank Morgan ni msimamizi katika kiwanda cha silaha cha Colt mjini Hartford. Anapigwa mtaimbo kichwani katika ugomvi wa kiwandani, anazirai, na anapozinduka yumo Uingereza ya mwaka 528, katika enzi ya Mfalme Arthur. Tangu hapo anajitwika kazi ya kuyaganga yaliyopita. Anaanzisha shule, simu na magazeti, na umma unampa jina la Bosi.

Ucheshi wa riwaya unatokana hasa na mgongano wa lugha. Hank hunena kwa lugha ya duka na karakana, ilhali Sandy, mwenzi wake wa safari, husimulia kwa ile lahani ya kale ambayo Twain aliikuta kwa Malory. Hadithi zake hazina ukomo, na kabla hazijafika nusu, msikilizaji amekwisha kusahau ni nani aliyemwangusha nani. Mashujaa wa farasi nao wanatembezwa nchini wakiwa wamebeba matangazo ya sabuni. Kejeli iliyo kali zaidi ni ya mtawa anayeishi juu ya nguzo, akiinama na kuinuka kutwa kwa ibada. Hank anamfunga kamba, anamwunganisha na cherehani, na kushona mashati ya kuuza. Kejeli hiyo inakata kuwili. Inaicheka ibada isiyomfaa mtu, na papo hapo inamcheka mfanyabiashara asiyeweza kuona kiungo cha binadamu kikitikisika bila kuhesabu faida.

Wapo wahakiki wanaoona kwamba mwisho wa riwaya, uliojaa damu, unausaliti mwanzo wake wa vichekesho. Rai hiyo haina mashiko, kwani mbegu ya mwisho huo imepandwa mapema. Hank anapohukumiwa kuchomwa moto, anajiokoa kwa kudai kuwa atalizima jua, kwa sababu anajua siku litakapopatwa. Yeye mwenyewe anakumbuka kwamba hila hiyo ni ya watu wa jamii ya Columbus, ambaye mwaka 1504 aliwatisha wenyeji wa Jamaica kwa kupatwa kwa mwezi ili wawalishe mabaharia wake. Rider Haggard naye aliitumia katika King Solomon's Mines ya mwaka 1885, na huko wanaotishwa ni Waafrika. Twain amegeuza kibao: wanaotetemeka sasa ni mababu wa Waingereza. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka kwamba mwaka 1888, mwaka mmoja kabla ya riwaya hii, Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya kifalme. Katika riwaya hii wakati uliopita umefanywa koloni.

Ndiyo maana Kanisa linapopiga marufuku ibada zote nchini, umma unamwacha Hank. Aliwapa mengi, lakini hakuwauliza lolote. Anabaki na Clarence na vijana 52, wakijikinga kwa nyaya za umeme na bunduki za Gatling, silaha ambazo kiwanda cha Colt kilizitengeneza kwa hakika. Watu 25,000 wanaangamia. Washindi nao wanafungwa na ushindi wao, kwa kuwa hewa ya maiti waliowazunguka inawaua. Merlin, mchawi aliyechekwa tangu mwanzo, anamlaza Hank usingizi wa karne 13.

Dosari ya riwaya iko katika kuusawiri umma. Wakulima huonewa huruma au hudharauliwa; ni nadra kusikika wakinena mawazo yao, na hapa si rahisi kumtenga mwandishi na mhusika wake. Hata hivyo, pana tukio moja linalomsahihisha Hank. Mfalme, akiwa amejificha katika mavazi ya mkulima, anaingia katika kibanda chenye ndui na kumbeba binti anayekufa hadi kwa mama yake. Utu huo haukufunzwa na shule wala mashine yoyote ya Bosi. Twain aliyeandika tukio hilo ndiye aliyekuja kuutetea umma wa Kongo katika King Leopold's Soliloquy mwaka 1905.

Jibu la riwaya limewekwa katika kurasa zake za kwanza. Katika ngome ya Warwick, mtembeza wageni anaonyesha deraya ya kale yenye tundu la risasi, na kudhani kwamba huenda ilitobolewa na askari wa Cromwell. Hank anakiri kwamba ni yeye aliyeitoboa. Shule zake, simu zake na magazeti yake havikuacha hata alama. Katika kazi yote ya mtu aliyekwenda kuibadili historia, kilichosalia ni tundu hilo tu.