Raporo ya staji ku DPS: kurasa 30, hamuna mutoto hata mumoja

Leo nataka tupime aina moja ya maandishi ambayo karibu sisi wote tumeandika na ambayo hamuna mutu anaisoma: raporo ya staji. Zile za fakilte yangu ya agronomia naziacha kwa siku ingine. Leo ni zile za staji ku Divizyo ya Afya ya Jimbo, ile tunaita DPS. Wadogo zetu wa afya ya jamii, wa maendeleo, hata wa informatiki, wananiletea nirekebishe Kifaransa mbele ya kuzipeleka kwa ankadreri. Njo maana nimesoma nyingi. Zinafanana sawa maharagi ya gunia moja.

Fungua yoyote. Kwanza shukrani: kwa Mungu, kwa wazazi, kwa shefu wa divizyo. Kisha historia ya DPS, iliyokopiwa ku raporo ya mwaka uliopita, na ile nayo ilikopiwa ku ingine. Kisha mipaka ya jimbo, kaskazini nini, kusini nini. Kisha organigrama, ukurasa muzima wa visanduku na mishale. Ku ukurasa wa 22 njo unafika ku "kazi tulizofanya": kupanga barua, kuingiza takwimu mu ordinatere, kuhuzuria mikutano. Mistari 10. Kisha "matatizo": stima inakatika, intaneti iko polepole. Kisha "mapendekezo": serikali ilipe wafanyakazi na inunue ma-ordinatere. Amina.

Sisemi ni uongo. Stima inakatika kweli, na wafanyakazi wa afya wanastahili malipo yao. Kosa ni kwamba raporo inaeleza nyumba na kusahau kazi inayofanyika mu ile nyumba. DPS iko pale juu watu wanaugua na wanapaswa kupona. Ukimaliza kurasa 30 bila kukutana na mugonjwa, umesoma maelezo ya viti na meza.

Tuangalie mahali stajieri anaketishwa. Kongo iko na majimbo 26 tangu 2015, na kila jimbo liko na DPS yake. Chini ya hizo DPS kuna zoni za afya zaidi ya 500, na mu kila zoni kuna vituo vya afya. Kila mwezi muuguzi wa kituo anahesabu mu rejista zake, anajaza fomu ya SNIS. Fomu inapanda ku biro kubwa ya zoni, hesabu zinaingizwa mu DHIS2, programu iliyotoka ku Chuo Kikuu cha Oslo, kule Norwe. DPS nayo inatazama: zimefika? zimejaa? zimefika kwa wakati? Na mara nyingi anayetumwa kutazama ni nani? Stajieri. Kijana wa miaka 22 eko mbele ya ekra ambamo afya ya jimbo zima inapita, na macho yake ni mapya, hayajazoea bado kuona upungufu sawa kitu cha kawaida. Kisha anaenda kuandika: "tuliingiza takwimu". Basi.

Chukua mufano wa bwaki, vile tunaita kwashiorkor huku Kivu. Mutoto wa miezi 6 mpaka 59 anapimwa mukono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mukali. Kutoka 115 mpaka karibu 125 ni wa kadiri. Mwenye ule mukali anaandikwa na anapewa zile pakiti za karanga. Mwisho wa mwezi anakuwa namba moja mu fomu.

Sasa tuseme mu kituo fulani namba zinashuka: 40, kisha 25, kisha 6. Ku ekra ya DPS ule mustari unapendeza. Lakini unaweza kushuka juu watoto wamepungua kuugua. Unaweza kushuka juu njia imekatika kwa mvua ao kwa vita. Unaweza pia kushuka juu pakiti zimeisha, na mama akisikia ku soko kwamba kituo hakina kitu, hatatembea masaa mane na mutoto mugongoni kwa bure. Hii ya mwisho ni mbaya sana, na ku karatasi inafanana kabisa na ile ya kwanza. Nani atazitenganisha? Mutu mwenye kuuliza. Stajieri angeweza kuuliza.

Kuna pia kisanduku kitupu. Kitupu si sifuri. Sifuri inasema: tulipima, hatukukuta. Kitupu kinasema: hatujui. Mutu akiweka sifuri ili fomu ionekane imejaa, jimbo litaamini hamuna bwaki pahali ambapo hamuna mutu alipima.

Kati ya zile raporo nilizosoma, moja ndiyo ilinikamata. Ya dada mumoja wa afya ya jamii. Aliandika ukurasa moja na nusu juu ya kituo kilichotuma namba ile ile miezi mitatu mfululizo. Hakumushitaki mutu. Aliuliza mu biro, biro ikapiga simu ku zoni, ikajulikana kwamba rejista ilikuwa imejaa, mupya haijafika, na muuguzi alikuwa anarudilia namba ya mwisho. Kifaransa chake kilikuwa na makosa kuliko cha wenzake. Lakini nilipoifunga nilikuwa najua kitu ambacho sikujua. Na munajua? Alipata pwe chache kuliko wenzake, juu "historia ya institisyo haikutosha".

Mutaniuliza mutu wa mashamba anatafuta nini mu mambo ya afya. Jibu ni konzo. Tangu 1938 Trolli aliandika juu ya huu ugonjwa kule Kwango: mutu anaamka miguu yote mbili imekauka, na haitapona. Unatoka ku muhogo uchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha, zaidi mu mwaka wa njaa, wakati hamuna kitu kingine mu sahani ya kusaidia mwili. Kusini Kivu nako umeonekana. Kituo cha afya kinaandika mulemavu. Sababu iko mu shamba na mu maji ya kulowekea. Wazee wa Bukavu walielewa ile njia zamani: ile komite yao ya kupigana na bwaki, CAB, ilianza mu 1965 juu ya njaa ya watoto, na ikafika mpaka ku kazi ya mashamba.

Leo DPS eko na mustari wa bwaki wa kila mwezi, na inspeksyo ya kilimo eko na kalenda ya mazao. Mu milima ya Kivu tunapanda saizoni A mu mwezi wa 9, tunavuna mu mwezi wa 1 ao wa 2. Mbele ya mavuno gala ni tupu. Je, mustari wa bwaki unapanda mu mwezi wa 11 na wa 12? Mu zoni gani? Mwaka gani haukupanda, na juu ya nini? Hii ni kazi ya stajieri wawili, mumoja wa afya na mumoja wa agro, daftari moja kati yao. Sijaona raporo hata moja iliyoiuliza.

Najua mutasema: shefu njo anasaini, shefu njo anatoa kote, nani atajitia mu hatari? Mutasema tena stajieri hajalipwa, anajilipia teksi, wamumwombe tena ushujaa? Ni kweli, na ile hofu ina sababu. Lakini angalia vile yule dada alifanya: aliuliza namba, hakuuliza mutu. Hakuandika jina la mugonjwa, wala la muuguzi, wala hakutoa takwimu inje bila ruhusa. Swali la heshima mu biro linasaidia hata shefu, juu naye anaulizwa na Kinshasa.

Lawama kubwa iko kwetu tuliobaki ku mashule sawa ma-asistanti, wale tunasahihisha. Tunatoa pwe 5 kwa organigrama na pwe 2 kwa kazi iliyofanyika. Mwanafunzi si mujinga, anapika kile kinachonunuliwa. Tugeuze ile bei. Historia ya DPS iwe nusu ukurasa. Kurasa 10 ziwe za jambo moja tu ambalo stajieri alifuata kutoka rejista mpaka ekra: lilianza wapi, lilipita kwa nani, lilipotelea wapi, na nani anaweza kulirekebisha bila kungojea serikali. Na kopi moja irudie ku DPS, mu mukono wa mutu, haitoshi kuitupa mu kabati.

Mudogo wangu unayeanza staji hii juma, chagua zoni moja na mustari moja. Siku utaona kisanduku kitupu, usipite. Uliza ni kitupu ao ni sifuri, kisha andika jibu walikupa.